Wino wa Biki

Juzi nikigawa matone ya polio mtaani Kadutu, msichana mmoja alininyooshea kidole chenye wino, alama ya aliyekwisha kupewa. Nilikinusa. Kilinuka kalamu ya biki.

Utotoni nilisoma riwaya za tonton wangu, ndugu ya mama, zile za madaktari wanaoua watu kwa siri kwa amri ya waziri. Alasiri moja nilimwona mama wa chanjo kwa jirani, na sanduku lake la barafu, akitabasamu kupita kiasi. Nikajua ni mmoja wao. Haraka nikapaka biki kidole changu na cha mdogo wangu Furaha.

"Tulishapata, maman," nilimwambia mlangoni. Akaamini.

Furaha anachechemea mpaka leo. Habari ya biki haijui.

Nilifungua sanduku langu.

"Mutoto wangu," nikamwuliza msichana, "unasomaka kitabu gani?"