Kipande Ambacho Shangazi Hakukichoma

Harufu ya karoti mbichi kwenye maji ya baridi ndiyo inayonirudisha kijijini kwetu Lukozi. Asubuhi za vuli, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, tulizishusha karoti kijitoni, tukazijaza kwenye viroba na kuzikanyaga kwa miguu mitupu mpaka zing'ae, huku meno yakigongana. Mwaka ule mvua ilinyesha kwa fujo na kijito kikala ukingo wake karibu na shamba letu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Kidole changu cha mguu kiligonga kitu kigumu, nikakivuta nikidhani ni mzizi, kumbe ni mfupa: mweusi, umevunjika huku na huku, mzito kupita kiasi. Kando yake kulikuwa na vipande vingine. Kwa utoto wangu nilifurahi, nikavipanga juu ya jiwe kama nyanya za gengeni.

Furaha ile haikufika mchana. Jirani yetu Mama Shabani alikuja kuosha karoti zake, akaviona, akakaa chini palepale kwenye matope. Alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee, Shabani, alikuwa ameondoka masika ya mwaka uliotangulia, siku kijito kilipofurika, akiaga kwamba anakwenda Mombo kutafuta kazi. Hakuna aliyemwona akivuka, wala habari zake hazikusikika tena. Sasa kijito kilekile kimetoa mifupa. Watu wa kwetu ni wema, lakini kwa kuhitimisha mambo ni wepesi mno. Lisemwalo lipo, walisema, na kabla ya alasiri wanawake walikuwa wanaulizana nani atatoa unga na nani maharage ya matanga.

Ndipo alipoingia Shangazi Eliza, dada wa baba, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali aliyeuza supu siku za gulio. Kila penye sherehe, ya Walutheri wenzake au ya Waislamu, aliitwa kusimamia ugawaji wa nyama, maana kwetu nyama haigawiwi ovyo: kila ndugu ana kiungo chake, na ukimpelekea mjomba kipande kisicho chake utasimuliwa kosa hilo hadi uzeeni. Shangazi hakuwahi kukosea. "Msianze kulia msiba msioujua," aliwaambia. "Nipeni siku tatu."

Siku tatu hizo tulikipekua kijito, yeye na mimi, tukichekecha matope mpaka vidole vikafa ganzi. Kila kipande alikisugua kwa mswaki mkuukuu, akakilaza kwenye jamvi uani, kando ya mifupa ya ng'ombe na mbuzi iliyotoka kwenye sufuria yake. Alikuwa akigeuza, akilinganisha, akiunganisha pale palipovunjika, bila haraka yoyote. "Tazama gego hili," aliniambia. "Mikunjo hii ni ya kusagia majani. Mtu hali majani." Kipande kingine akakitambua kuwa ni cha mguuni, juu kidogo ya kwato, kingine ni pingili ya mgongo wa mnyama mkubwa kama nyati, ingawa hata wazee hawakuwahi kusikia nyati katika bonde letu. Kisha akawasha jiko la mkaa, akaweka mfupa wa mbuzi na kipande kimoja cheusi. Ule wa mbuzi ulinuka hadi kwa majirani. Kile cheusi hakikunuka hata kidogo. "Mfupa wa juzi hunuka," alisema. "Huu umekaa ardhini hadi umekuwa jiwe. Hata babu wa babu zetu hakumwona mnyama huyu."

Kilibaki kipande kimoja, chembamba, kimepinda kidogo, hakizidi ukucha wa dole gumba. Alikigeuza alasiri nzima.

"Shangazi, si ukichome tu tujue?"

"Kama ni cha mtu, mtu hachomwi," alijibu. "Hiki sikijui."

Nilikasirika. Nilitaka aseme tu kwamba nacho ni cha mnyama, Mama Shabani apate usingizi. Lakini Shangazi alikwenda kwa mama huyo, akamweleza kila kipande na sababu zake, kisha akakunjua leso na kumwonyesha kile asichokijua. Kesho yake mwalimu wa madrasa alikisomea dua, kikazikwa juu ya ukingo. Matanga hayakuwekwa.

Leo nafanya kazi katika maabara ya hospitali, mbele ya hadubini na mashine ambazo Shangazi hakuziota. Watu wanataka jibu kabla hawajaketi, simu zao zimekwisha kuwapa majibu matatu, nasi wenye koti jeupe tunaona aibu kutamka "sijui". Mara nyingi nimetamani ujasiri wa yule muuza supu, na sina hakika ninao hata nusu. Mwaka jana nilikwenda kumwamkia Mama Shabani. Hajapata habari za mwanawe hadi leo, na bado anamngoja. Nilimuuliza ilikuwaje akakubali maneno ya Shangazi, wakati kijiji kizima kilikuwa kimeshamzika Shabani.

"Mwanangu," alisema, "angeniambia anavijua vyote, nisingemwamini hata kimoja."