Wiki ya Pili ya Matibabu ya Bure

Nesi wa mapokezi hukugusa kwanza paji la uso kwa mgongo wa kiganja, kipimajoto baadaye. Kalamu moja ameichomeka kwenye nywele, nyingine anaitafuta kutwa nzima. Tangu matibabu yawe bure kwa wote, anatembea kama mtu anayewahi harusi, haraka haraka, akitabasamu peke yake. Sisi wa kwenye mabenchi hatukuwa na furaha hiyo. Foleni ilikuwa imelizunguka jengo zima, na kinyozi mmoja uvumilivu ukamwishia. "Dada, zamani nilitibiwa nusu saa tu. Leo niko hapa tangu alfajiri! Bure gani hii?"

Nesi hakubisha. "Kweli kaka, tumezidiwa. Madaktari ni wawili, na dawa nyingine ziliisha jana. Hilo sikufichi." Akamwinamia bibi aliyekuwa wa kwanza kwenye benchi. "Bibi, jicho hili lina ukungu tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu, mwanangu."

"Na hukuja?"

"Ningekuja na nini?"

Nesi akatugeukia, macho yakimng'aa. "Mmesikia? Foleni hii haikuzaliwa juzi. Ilikuwepo, imelala majumbani!"

Akamshika bibi mkono, wakaingia kwa daktari. Waliporudi, bibi alitangaza mwenyewe: "Ni mtoto wa jicho! Alhamisi wananiondolea!" Nesi akapiga vigelegele kama aliyeambiwa habari njema za mama yake, na benchi zima likapiga makofi.

Kinyozi akasimama, akakohoa kidogo. "Basi mimi nitarudi kesho, niwapishe wagonjwa."

"Kaa hapo hapo," nesi akamwambia, mgongo wa kiganja tayari uko kwenye paji lake. "Nawe unachemka."