Jiwe Lililoogeshwa Kombe

Kazi yangu ilikuwa kulisokota jiwe na kulitazama likitulia. Ukicheka, cheka tu. Hata nyumbani kwetu Dunda, Bagamoyo, walicheka. Lakini miaka ile ya sabini, katika maabara ya chuo kule Dar es Salaam, hapakuwa na binti mwenye kazi tamu kuliko yangu.

Jiwe lenyewe lilikuwa la kijani, limetapikwa na volkano ya kaskazini kutoka chini kabisa, chini ya mwamba huu tunaoukanyaga. Lilichongwa likawa kijiti chembamba kama penseli. Tulilibana juu, chini tukaning'iniza chuma chenye kioo kidogo, kisha nikalisokota kidogo tu na kuliachia. Kioo kiliakisi taa, na doa la mwanga likawa linakwenda na kurudi ukutani, kila mara kwa mwendo mfupi zaidi, hadi likatulia. Tetemeko la ardhi likipiga, mawimbi yake hupita kwenye mawe ya namna hii, na mawe hula nguvu zake njiani. Tukijua jiwe linakula nguvu kiasi gani, tunaweza kukisia joto la mahali ambapo hakuna mtu atakayefika. Mimi, mtoto wa Bagamoyo, napima tumbo la dunia. Siku zile chakula kilikuwa hakinishuki kwa furaha.

Taabu ni kwamba jiwe lilikuwa kigeugeu. Leo doa linacheza muda mrefu, kesho linakufa upesi, na jiwe ni lile lile. Mwalimu wangu, mtu wa bara, mpole asiye na maneno mengi, akaniambia wazi: majibu yasipokubaliana wiki ijayo, chumba wanapewa watu wa kupima udongo. Chumba kikienda na mimi nakwenda, nirudi nyumbani nikae ndani kungoja posa. Na posa yenyewe ilishaanza kunukia.

Nikaomba niende na jiwe nyumbani Ijumaa, nikalisugue ncha zake kwa msasa laini, huenda vibano havikamati sawasawa. Nililifunga kwa pamba, juu kitambaa cheupe, nikalitia kwenye mkebe wa peremende. Sikufikiri hata chembe. Kwetu pwani, mwanamwali akikutwa na kitu kama hicho kwenye mkoba wake, hakuna anayeuliza ni nini. Kila mtu anajua kuwa ametegwa kwa uchawi.

Jumapili asubuhi nafungua mkebe, mtupu. Nikamwamkia mama, shikamoo, naye akaitikia marahaba huku anakwepa macho yangu. Nikamuuliza jiwe langu liko wapi.

"Lipo," akasema. "Limetulizwa."

Lilikuwa ndani ya bakuli, chini ya kawa, limezama kwenye maji ya manjano. Mama alikuwa amekwenda kwa mwalimu wa madrasa kuomba kombe: aya zimeandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya marashi, na jiwe langu likalazwa humo tangu jana yake.

"Nani kakutilia kitu kile, mwanangu?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Na watu wa posa wako njiani."

"Mama, ile ni kazi yangu."

"Kazi gani ya jiwe kuvishwa sanda?"

Hasira zilinipanda. Lakini utamgombeza vipi mama anayekuhofia? Nikalifuta jiwe, nikapanda basi. Nilijua nimekwisha.

Jumatatu maabarani nilimweleza mwalimu wangu yote, kombe na zafarani, nikingoja anifukuze. Yeye akasema tu, "Libane tulione."

Nikalisokota, nikaliachia. Doa likayumba kidogo, likafa. Halikuwa limewahi kufa upesi vile. Nikatazama sakafu kwa aibu. Mwalimu hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama dirishani, mvua inanyesha.

"Zile siku mbaya," akauliza, "hali ya hewa ilikuwaje?"

Nikakumbuka. Siku mbaya zilikuwa zile ambazo nguo hazikauki kambani. Kumbe jiwe tulilodhani ni kavu lilikuwa likinyonya unyevu wa pwani kwenye vinyufa vyake, na unyevu ndio uliokuwa ukila nguvu tukalisingizia jiwe la watu! Sikuweza kusimama mahali pamoja. Tukalikausha taratibu kwenye tanuri, tukaifunika mashine nzima kwa chupa kubwa ya kioo, tukafyonza hewa kwa pampu, kisha nikalisokota kwa sumaku kutoka nje.

Doa likaenda, likarudi. Tukangoja lipungue, likawa halitaki. Mwalimu alimimina chai akasahau kuinywa. Watu wa udongo wakafika na utepe wa kupimia chumba, wakasimama mlangoni, na wao pia wakaanza kuutazama ukuta.

"Linasimama saa ngapi hilo?" mmoja wao akauliza.

"Sijui," nikamjibu, nacheka na machozi yananitoka.

Mwalimu akawaambia wakunje utepe wao wakatafute mahali pengine. Wakataka kujua kwa nini, na wao walishaahidiwa.

"Chumba hiki kina mwenyewe," akasema, na kidole akaninyooshea mimi.