Mzee Maneno Anailinda Pikapu Yake

Redio ilitangaza kwamba pikapu za aina ya ile ya Mzee Maneno, muuza mihogo wa Kisarawe, zipelekwe gereji moja ya Kibaha zibadilishwe bure boljointi za mbele, viungo vinavyoshikilia magurudumu, kwa kuwa zinalika upesi. Mzee alikwenda, lakini akakataa kushuka.

"Shikamoo, mzee. Shuka tuinyanyue," alisema fundi Bertha.

"Marahaba. Nikishuka mtanibadilishia injini. Bure gani hiyo?"

Bertha akainyanyua pikapu kwa jeki, na mwenyewe akiwa ndani. Kisha akalitikisa gurudumu la mbele kwa mkono mmoja, likacheza kama jino bovu.

Mzee akachungulia dirishani. "Mwanangu, hilo ndilo limenileta kutoka Kisarawe?"

"Ndilo hilo, mzee."

"Nishushe! Hiyo injini mtajua wenyewe."