Mama Wetu na Kura Yake Moja

Jirani yangu fundi cherehani tulimpachika jina la Mama Wetu, na kisa ni mdomo wake mwenyewe. Kila uchaguzi ukikaribia, wateja humuuliza, "Mama, safari hii unampigia nani?" Naye, pini zikiwa mdomoni, hujibu, "Wetu." Basi. Mteja wa chama cha Ufunguo anaondoka akichekelea, na wa chama cha Ndoo naye anaondoka akichekelea. Mimi nashona viatu kwenye baraza hiyo hiyo, na neno hilo nililisikia mpaka nikalichoka.

Mji wetu umekatwa katikati na barabara, upande mmoja Juu, wa pili Chini. Watu wa Juu wanapigia chama cha Ufunguo tangu enzi za babu zao. Ukiwauliza sababu, watakwambia ni kwa kuwa wa Chini wanapigia Ndoo. Wa Chini nao wanapigia Ndoo kwa sababu Ndoo ndio walioleta bomba la maji. Bomba lenyewe lilishakauka zamani, ila kura bado zinamiminika. Ndoa zinavuka barabara kila siku. Kura haivuki.

Mama Wetu alizaliwa Juu, akaolewa Chini. Mawifi wote Ndoo, ndugu zake wote Ufunguo, na pande zote mbili zinamletea nguo. Alikuwa anampigia nani hasa, sijui, na sidhani hata mumewe alijua. Neno lake moja lilimwepusha na ugomvi wa pande zote, na mimi sikuona ubaya wake.

Halafu mdogo wake wa kiume, anayeuza dawa za mifugo kule Juu, akagombea udiwani kwa tiketi ya Ufunguo. Mama yao alipofariki, Mama Wetu ndiye aliyemlea. Kaptura yake ya kwanza ya shule ilitoka kwenye gauni la dada yake. Siku moja alikuja barazani, akakaa kwenye benchi la wateja, akasema mbele yangu:

"Dada, kwenye kituo chenu najua sipati kitu. Sikulaumu. Ila matokeo ya kila kituo yanabandikwa mlangoni. Nikiangalia jina langu, nataka nikute moja tu. Hiyo moja nitajua ni wewe."

Mama Wetu alitoa pini zote mdomoni kwanza. "Utaikuta," akasema.

Siku ya kura alivaa gauni la harusini. Alikaa kwenye kibanda cha kupigia kura muda mrefu mpaka foleni ikaanza kunung'unika, akatoka anatabasamu kama bibi harusi mwenyewe.

Asubuhi yake mdogo wake akavuka barabara kuja kusoma matokeo kwenye mlango wa darasa lililokuwa kituo chetu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mbele ya jina lake paliandikwa sifuri. Chini kabisa paliandikwa: kura zilizoharibika, moja.

"Hiyo ni sifuri, au macho yangu?" akaniuliza.

Udiwani alishaukosa na wala hakuutaja. Aliondoka bila kupita barazani kumsalimia dada yake.

Mama Wetu akaapa kwamba kura yake imeibwa. Alilia mbele ya wateja, na wengine, hawana haya, wakakonyezana.

Siku chache baadaye mwalimu mmoja aliyehesabu kura alileta suruali ikapunguzwe. Huku akipimwa, akaanza stori.

"Watu wana vituko, jamani! Kuna mmoja kamwekea tiki yule wa dawa za mifugo, nzuri kabisa. Halafu wengine wote kawawekea misalaba, kila mtu na wake! Tungefanyaje? Ikahesabiwa imeharibika."

Baraza zima likacheka. Mimi nami nilikuwa nimeanza, nikaacha, maana niliiona chaki mkononi mwa Mama Wetu. Msalaba wa chaki ndio alama yake ya kila siku. Upande wa kitambaa usiotakiwa kuonekana huuwekea msalaba, asije akakosea kushona. Chaguzi zote za nyuma aliweka tiki moja akaenda zake. Hii ya mdogo wake alitaka kuhakikisha.

Tulikwenda Juu siku hiyo hiyo, mimi kama shahidi. Mdogo wake alisikiliza mpaka mwisho huku akipanga chupa za dawa kwenye rafu. Misalaba ile anaifahamu kuliko mimi, amekulia chini ya cherehani ile. Lakini sifuri ilishamwingia. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Dada, kura iliyoharibika haina jina. Leo wewe unasema ni yako. Kesho shemeji naye atasema ni yake." Akaifuta chupa vumbi. "Mimi sina neno. Ulimpigia wetu, yameisha."

Nilitamani kumzaba kibao. Mama Wetu akageuka, tukarudi.

Bado wanasalimiana wakikutana. Suruali za mdogo wake bado zinakuja kushonwa, ila siku hizi anazileta mkewe. Inaniuma kila nikimwona wifi yule anashuka na mfuko.

Sasa uchaguzi mwingine umefika, na mdogo wake kakataa katakata kugombea tena. Juzi binti mmoja wa Chini alikuja kuchukua sketi yake, akauliza kwa mazoea, "Mama Wetu, safari hii unampigia nani?"

Nikasubiri lile neno.

"Mdogo wangu," akasema.

"Lakini mama, safari hii si hagombei?"

"Najua," akasema, akairudisha pini mdomoni.