Mahindi Yaliyongoja Uchaguzi

Orrin Haskett alikuwa na ulimi mtamu, na huo ndio uliomponza. Mwaka ule wa 1896, huko Nebraska, wakulima walijazana kwenye darasa la kijiji kumsikiliza.

"Jamani, pesa imeadimika kwa sababu wakubwa wanaitambua dhahabu peke yake," aliwaambia. "Madini ya fedha nayo yakipigwa sarafu bila kikomo, pesa itazagaa, na mahindi yetu yatapata bei. Msiuze! Ngojeni uchaguzi!"

Wakapiga miguu sakafuni hadi vumbi likatimka.

Shida ni kwamba hakuna aliyemwamini Orrin kuliko Orrin mwenyewe. Shamba lake lilikuwa rehani kwa Bwana Pruett wa mjini, na Desemba alitakiwa kulipa. Mahindi yamejaa ghalani, naye hauzi.

"Uza, mume wangu," mkewe Delphia alimsihi. "Tukimpelekea Pruett chochote, atatupa muda."

"Niuze kwa bei ya makapi? Mimi niliyewaambia watu wangoje? Watanicheka!"

"Wacha wacheke. Tutakuwa tunawasikia tukiwa ndani ya nyumba yetu."

Orrin akachukua kofia, akatoka.

Novemba waliotaka sarafu za fedha wakashindwa uchaguzi. Waliokuwa wamengoja wakakimbilia kituo cha reli na mikokoteni yao wote siku ileile, na bei iliyokuwa mbaya ikazidi kuporomoka. Jirani yake, Tobias Wenk, alimwona Orrin kwenye foleni.

"Mwalimu! Hizo sarafu zinashuka lini? Nitandaze blanketi?"

Watu wakacheka, kicheko kile cha matangani. Wenk mwenyewe hakucheka. Naye alikuwa amengoja.

Orrin akageuza farasi, akarudi na mzigo wake. Baridi ilipokaza, makaa yakawa ghali kuliko mahindi, basi Delphia akawa anayachoma mahindi jikoni.

"Yanawaka vizuri," alisema siku moja. Hakuwa anamkejeli, na hilo lilimchoma Orrin zaidi.

Pruett akachukua shamba. Masika yalipofika akawaruhusu wabaki, walime kwa kugawana nusu kwa nusu. Akaja mwenyewe na viatu vyake vya mjini, akasimama kwenye ardhi ambayo Orrin aliifyeka akiwa kijana, akaanza kumwonyesha pa kupanda na pa kuacha.

Orrin, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, akavua kofia.

"Ndiyo, bwana," akasema.

Delphia, aliyekuwa dirishani, akageuka upesi, Orrin asije akajua kwamba ameona.