Kofia ya Pangoni

Bi Muzna wa Malindi alikuwa mshona kofia, na hakuna aliyemdhania kuwa mpenzi wa gemu. Lakini mwaka 1994 kaka yake alimletea kutoka Maskati kimashine cha mkononi chenye gemu ya kushuka kwenye pango la vichochoro na mazimwi, na tangu siku hiyo akawa haambiliki. Alichokipenda ni kwamba gemu haikumwonyesha njia. Ukipotea umepotea, kama mgeni ndani ya Mji Mkongwe, mpaka uichore ramani mwenyewe.

Kalamu hakuizoea, sindano ndiyo iliyokuwa mkononi kutwa. Basi kila kichochoro alichokipita alikishona kwenye kofia ya Idi ya mumewe.

Mume mwenyewe, Bwana Hisham, aliyeuita mchezo ule upuuzi wa watoto, aliivaa kofia akaenda kusali. Alirudi kifua mbele. "Msikiti mzima," alisema, "umeniuliza ua hili linaitwaje."

 Tangu mumewe alipotoka na kofia, Bi Muzna alikuwa amekwama gizani mwa pango bila ramani. Alimkalisha ukumbini, akamgeuza kisogo, akawa anafuata uzi kwa kidole cha mkono mmoja na kubonyeza kimashine kwa mwingine.

Wageni wa Idi waliingia, na Bwana Hisham akawapa mkono bila kugeuza shingo. Mwishowe akamnong'oneza mkewe, "Mama Reem, tumefika wapi?"

"Nyuma ya sikio la kushoto. Tulia, zimwi linatungoja utosini."